Uzi wa dalia: acheni kalenda ya Ulaya, kwetu adui ni maji

MzeeWaMuhumba (Bukavu)

Jambo yenu.

Kila mwaka mvua ikishakolea, watu wanauliza swali lilelile: dalia yangu ilichanua vizuri, kisha ikanyauka ghafla, nilipochimba nikakuta viazi vyake, ile mizizi minene ya chini, vimeoza vinanuka. Na kila mwaka wanajibiwa kwa maneno ya video za Wabelgiji: chimba kabla ya barafu, funga kwenye gazeti, weka kave, chumba cha chini ya nyumba, mpaka mwezi wa nne. Barafu gani? Bukavu tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, usiku wa mwezi wa saba unatafuta suweta, lakini barafu tunaiona kwenye frigo tu, na hiyo ni siku umeme ukiwepo. Huku dalia haifi kwa baridi. Inakufa kwa kusimama ndani ya maji.

Asili yake ni milima ya Meksiko. Kule inanyeshewa miezi kadhaa, halafu udongo unakauka, majani yanakufa, viazi vinalala chini vikingoja mvua nyingine. Basi sisi tuige Meksiko. Mvua yetu inaanza mwezi wa tisa inaisha mwezi wa tano. Mwezi wa sita, wa saba na wa nane ndiyo miezi ya dalia kulala. Mtu anayeimwagilia kiangazi chote ili ichanue bila kupumzika anaichosha, na mvua ya kwanza inamaliza kazi.

Sasa upandaji. Wa Muhumba, wa Nguba, wa Panzi, mitaa yote hii ya Bukavu, tunaujua udongo wetu mwekundu: ukiloa unang'ang'ania kiatu, ukikauka unapasuka. Watu wanachimba shimo refu, wanalijaza mbolea laini, wanapanda. Maji yanapita kwenye mbolea haraka, yanafika kwenye ule udongo mgumu wa chini, yanakosa pa kwenda. Kiazi kinakaa ndani ya beseni. Usichimbe, inua. Tuta la sentimita 30 hivi, udongo wako uchanganye na mboji iliyoiva na mchanga wa kujengea. Kama parseli yako iko kwenye mteremko, tuta likate mteremko, usilielekeze chini, la sivyo mvua moja tu na udongo wote utaukuta kwa jirani. Ila mwishoni mwa tuta acha mfereji wa kutolea maji.

Kiazi kilaze sentimita 10 mpaka 15 chini, jicho, yaani pale chipukizi linapotokea, likiangalia juu. Kijiti cha kuegemeza, cha karitusi au mwanzi, kisimamishe siku ileile unayopanda. Ukikileta baadaye utakichoma ndani ya kiazi na hutajua mpaka ukute kidonda kimeoza. Kisha usimwagilie. Udongo ukiwa na unyevu wa kawaida unatosha mpaka jani litokeze. Kiazi kisicho na majani hakinywi, kinaloa tu.

Kingine ambacho sijakiona kwenye video yoyote: shina la dalia ni tupu ndani. Ukilikata katikati wakati wa mvua, umefungua tundu linalopeleka maji moja kwa moja mpaka shingoni, pale ambapo macho yote yako. Mimi nakata juu kidogo ya fundo, na kama ni shina nene la chini, naliziba kwa bonge la udongo wa mfinyanzi. Dalia nyingi zinazosemwa zimekufa kwa ugonjwa zimekufa kwa tundu hilo.

Ulizeni, nipo.

TupaTupa_Bagira

Muzee, watu wanatafuta pa kupanda lengalenga na maharagi, wewe unatufundisha maua. Dalia inaliwa?

Mwalimu_Biolojia (Bukavu)

Inaliwa, ndugu. Viazi vyake vinaliwa, na petali zake watu wanatia kwenye saladi. Ila usitegemee utamu wa kiazi kitamu: ndani hakuna wanga wa kawaida, kuna inulini, na tumbo lisilozoea inulini litakulalamikia usiku kucha. Na ukishapuliza dawa ya wadudu humo, sahau kabisa habari ya kula.

TupaTupa_Bagira

Sawa Mwalimu, nimebaki na maharagi yangu 😂

Mama_Maua_Kadutu

TupaTupa, mwanangu, hayo maua ndiyo yanalipa minerval, ada ya shule, ya watoto wangu. Harusi ya Jumamosi bila maua umeiona wapi hapa Bukavu? Na misa? Na msiba? Maharagi tunanunua kwa pesa ya maua.

Muzee, aksanti kwa somo. Nina maswali mawili. La kwanza, nataka maua mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja, maana tarehe 2 watu wanaenda makaburini na kila mtu anatafuta taji au fungu. Kila mwaka dalia zangu zinachanua soko limeshapita. La pili, nikizikata zinakaa siku mbili zinainama. Mteja anaona nimemwibia.

MzeeWaMuhumba

Mama, la kwanza ni hesabu ya kurudi nyuma. Kutoka kiazi mpaka ua la kwanza weka wiki 8 mpaka 12, kutegemea aina. Kubwa zinachelewa, ndogo zinawahi. Ukingoja mvua ya mwezi wa tisa ndipo upande, umejipangia soko la Noeli, ambalo nalo si baya. Kwa tarehe 2 mwezi wa kumi na moja, kiazi kiwe ardhini mwishoni mwa mwezi wa saba, ukichelewa sana wiki ya kwanza ya mwezi wa nane. Hapo bado ni kiangazi, kwa hiyo majani yakishatoka maji ni ya kubeba. Hiyo ndiyo bei yake. Panda matuta mawili tu kwa ajili ya soko hilo, mengine yangoje mvua.

Na ukitaka mashina mengi ya kuuza, mmea ukifika jozi tatu au nne za majani, kata kichwa. Roho inauma, najua, lakini ukiuacha utakupa shina moja refu na ua moja katikati, la kuangaliwa. Ukikata unatoa matawi pembeni, na matawi ndiyo pesa.

La pili namwachia Mwalimu.

Mwalimu_Biolojia

Mama, unazikata saa ngapi?

Mama_Maua_Kadutu

Saa yoyote mteja anapofika. Kawaida saa saba, saa nane mchana.

Mwalimu_Biolojia

Hapo ndipo penyewe. Saa saba ua limeshakunywa jua, lina kiu tayari. Kata saa kumi na mbili asubuhi, umande bado uko. Na dalia si waridi: waridi unalikata likiwa tumba, linafunguka ndani ya chombo. Dalia ukiikata imefumba, itabaki imefumba mpaka ife. Subiri ifunguke karibu yote, lakini petali za nyuma ziwe bado ngumu. Geuza ua uangalie mgongo wake. Petali za nyuma zikianza kulegea au kugeuka rangi ya karatasi ya zamani, hilo ni la kwako nyumbani, si la mteja.

Kisha ndoo ya maji ya moto. Si yanayochemka, yale ambayo mkono unakataa kukaa, kama nyuzi 70 hivi. Tumbukiza ncha za mashina sentimita chache, acha humo mpaka maji yapoe yenyewe, kama saa moja. Mvuke usipige maua. Ukimaliza, ondoa majani yote ambayo yangezama kwenye maji, badilisha maji kila siku. Kwa utaratibu huo siku nne mpaka sita zinawezekana. Zaidi ya hapo anayekuahidi anakudanganya, dalia haijawahi kuwa ua la kukaa.

Furaha_Himbi (Goma)

Mukubwa wa Muhumba, mimi niko upande wa pili wa Ziwa Kivu na shida yangu ni kinyume chako. Hapa Himbi tukichimba kidogo tu tunagonga jiwe. Volkano ya 2002 ilipita mjini, ile ya 2021 ilisimama kaskazini karibu na kiwanja cha ndege, na hata pale ambapo hazikufika kuna mawe ya volkano za zamani zaidi. Udongo wa bustani tunanunua, unaletwa na lori au kwa magunia. Nimejenga ukuta mfupi wa mawe meusi, nikajaza udongo ndani. Maji hayasimami hata dakika. Dalia hazijawahi kuoza kwangu. Lakini majani mapya yanatoka ya njano, mishipa tu ndiyo inabaki kijani, na kingo zinaungua. Namwagilia kila jioni maji ya ziwa, bidoni mbili. Je, ni ugonjwa?

MzeeWaMuhumba

Yaya Furaha, hilo kwangu halijanitokea. Mwalimu?

Mwalimu_Biolojia

Njano inaanzia majani machanga au ya zamani?

Furaha_Himbi

Machanga. Ya chini ni kijani kibichi, yameungua kingo tu.

Mwalimu_Biolojia

Basi ninayashuku maji. Ziwa Kivu si maji ya mto. Chini yake kuna chemchemi zinazoingia na madini kutoka kwenye miamba ya volkano, ndiyo maana hata juu kabisa maji yana karibu gramu moja ya chumvi kwa lita, na pH yake inakaribia 9. Angalia bidoni yako kwa ndani, au sufuria unayochemshia maji hayo: ule weupe unaoganda ni sehemu ya hadithi. Mtu anaweza kuyanywa yakishatibiwa, lakini ukimwagilia kitanda kilekile kila jioni, jua linachukua maji linaacha chumvi. Udongo unapanda kuelekea magadi, na kwenye udongo wa namna hiyo chuma kipo lakini mizizi haiwezi kukichukua. Jani jipya likikosa chuma linatoka la njano na mishipa ya kijani, vilevile ulivyoeleza. Kingo kuungua ni chumvi.

Dawa si ya dukani. Tega maji ya mvua: bati moja, mfereji, pipa. Mvua Goma ipo. Maji ya ziwa yabaki ya dharura ya kiangazi. Funika udongo kwa majani makavu ya migomba au bingobingo ili usilazimike kumwagilia kila siku. Ukipata mvua kubwa, iache ipite kwenye kitanda chote ioshe. Na majivu ya mbabula, jiko la mkaa, usiyaweke kabisa! Hapa Bukavu nawaambia watu watie majivu kidogo kwa sababu udongo wetu mwekundu ni wa tindikali na majivu yana potasi. Kwako majivu yatazidisha shida.

Furaha_Himbi

Nimekuwa natia majivu, kila mtu hapa anasema ni mbolea nzuri. Naacha leo. Na siku zile volkano yetu ya Nyiragongo inavuta moshi upande wetu, mvua ikianguka majani yanapata madoa ya kahawia, kama yamechomwa sigara. Hayo nayafahamu, hata sombe, majani ya muhogo, inapata.

Mwalimu_Biolojia

Hayo ni moshi wa salfa ukikutana na mvua. Jani lililotobolewa halirudi, kata uendelee. Viazi havidhuriki.

KipajiLushi (Lubumbashi)

Jambo ba mukubwa. Huku Lushi tunawasoma. Kalenda ya Muzee ni nzuri lakini kwetu isogezwe. Mvua yetu inaingia kwa nguvu mwezi wa kumi na moja, inaondoka mwezi wa tatu, wa nne. Kiangazi chetu ni nusu mwaka, na mwezi wa sita na wa saba usiku ni baridi kweli, mabondeni asubuhi unaweza kukuta majani ya nyanya yameungua. Kwa hiyo dalia zinalala zenyewe bila kuambiwa. Shida yetu ni mwezi wa tisa na wa kumi: jua linapiga, mvua bado, viazi vilivyoachwa ardhini vinaamka mapema, vinatoa majani, halafu vinakauka vikisubiri mvua. Mimi navichimba mwezi wa tano, navirudisha mwishoni mwa mwezi wa kumi.

Udongo wa lupango langu, kiwanja changu, ni mwekundu, maskini. Ninachotumia ni udongo wa kichuguu. Vile vichuguu virefu vya mchwa mnavyoviona njiani kuelekea Kipushi, watu wanavifyatulia matofali, lakini udongo wake una chokaa na rutuba kuliko huu wa kawaida. Ni mgumu sana ukiwa peke yake, uponde, changanya sehemu moja kwa tatu na mboji.

Na onyo kwa ndugu wa Lushi wanaokaa upande ambao moshi wa kuyeyushia shaba ulikuwa unaangukia. Shaba ilianza kuyeyushwa mji huu 1911, kuna mitaa ambayo udongo wake umelishwa shaba miaka mingi. Mmea unasimama, hauendi mbele, mizizi mifupi na minene. Usipoteze viazi vyako humo. Leta udongo wa mbali, pandia kwenye kitanda kilichoinuliwa, tia chokaa na mboji nyingi, vinasaidia kuifunga shaba.

MzeeWaMuhumba

Kipaji, aksanti mingi. Hiyo ya mizizi mifupi sikuwa naijua.

Neema_wa_Nguba

Shikamoo wazee. Nilipewa viazi vya dalia nyeupe, yule aliyenipa alisema ni ya petali nyingi, huoni katikati. Ya kwake kwenye picha ni kweli. Yangu imechanua ina duara la njano katikati, tena kubwa. Amenipa aina nyingine?

Mwalimu_Biolojia

Marahaba. Inawezekana ni ileile. Picha alipiga wapi?

Neema_wa_Nguba

Ubelgiji, mwezi wa nane. Ni shangazi.

Mwalimu_Biolojia

Basi shangazi hakukudanganya. Ile njano ya katikati ni maua madogo madogo yenye chavua. Ua moja la dalia ni mkusanyiko wa maua mengi. Ni yapi yawe petali na yapi yawe njano, urefu wa siku unachangia. Kiangazi cha Ulaya siku inapita saa 14 za mwanga. Hapa Bukavu siku ni saa 12 mwaka mzima. Tofauti kati ya siku ndefu kabisa na fupi kabisa haifiki nusu saa. Siku fupi zinaiambia dalia iweke akiba chini: inatengeneza viazi vingi, na juu inatoa petali chache zaidi na njano nyingi. Ndiyo maana watu wa Kivu wanashangaa viazi ni vingi hivi wakati maua ni ya wastani.

Wanaopanda dalia ndani ya nyumba za vioo huwasha taa saa chache usiku ili mmea udhani siku ni ndefu. Kama una taa ya ulinzi inayowaka usiku kwenye ukuta, panda hiyo nyeupe chini yake, halafu panda nyingine mbali na taa, ulinganishe. Na Kipaji atafurahi: Lubumbashi wako mbali zaidi na ikweta, mwezi wa kumi na mbili siku yao inakaribia saa 12 na dakika 50, na ndio msimu wao wa mvua. Dalia za petali nyingi zina nafasi nzuri zaidi huko kuliko kwetu.

KipajiLushi

Nilisema siku zote Lushi ni Lushi 😄

MzeeWaMuhumba

Msianze.

Lakini Neema, hata bila habari ya mwanga, mimi nisingehangaika na hayo makubwa. Kuna moja wote wanaitafuta sasa kwa sababu ya picha za harusi, Café au Lait, rangi ya maziwa yenye kahawa, ua linafika sentimita 20 mpaka 25. Ni zuri, sikatai. Sasa liweke nje mwezi wa nne Bukavu, mvua ya saa tisa ya mchana. Linajaa maji, shingo inakunjika, kesho petali ni kahawia. Bustani yetu inataka dalia ndogo: zile za mviringo zisizozidi sentimita 5, au za petali safu moja mbili ambazo maji yanapita. Bishop of Llandaff, nyekundu yenye majani meusimeusi, ni ya tangu 1924 na bado wanaipanda dunia nzima. Hizo nyuki nao wanazipenda, maana chavua iko wazi.

Zile nyekundu na zambarau za zamani mnazoziona kwenye bustani za parokia msizidharau. Zimekaa na mvua hii miaka mingi, zilizobaki ndizo zinazoiweza.

Neema_wa_Nguba

Aksanti papa. Swali la mwisho: shangazi pia alinipa mbegu kutoka kwenye ileile nyeupe. Nikipanda nitapata nyeupe?

Mwalimu_Biolojia

Utapata bahati nasibu. Dalia ya bustani ina seti nane za kromosomu, zile zinazobeba urithi, na nyuki hakuuliza chavua imetoka wapi. Mbegu kumi, watoto kumi tofauti, wengi wa petali chache. Panda kwa kujifurahisha, zinachanua ndani ya miezi mitatu minne, ukipenda mmoja tunza kiazi chake. Ukitaka nyeupe ileile, gawa kiazi au chukua kikonyo: chipukizi la sentimita 7 mpaka 10, likatwe chini ya fundo, lisimame kwenye mchanga wenye unyevu kivulini wiki mbili tatu mpaka lipate mizizi.

TupaTupa_Bagira

Nimerudi. Msicheke. Mama watoto amesoma uzi huu, amepewa fungu la viazi na jirani, akaniambia nigawe. Nimekata kama viazi mbatata, kila kipande na kisu. Vipande vinne, wiki ya tatu hii, hakuna kilichotoka. Nimechimba kimoja, kizima, kigumu, hakina hata mzizi.

MzeeWaMuhumba

Karibu, mkulima wa maua.

Ndugu, mbatata ina macho mwili mzima. Dalia haina. Macho yake yote yako shingoni, pale kiazi kinapoungana na shina la zamani. Kipande cha kiazi bila kipande cha shingo kinaweza kukaa ardhini miezi, kizima vilevile, kisitoe kitu. Fungu lililobaki liache kwenye sanduku la mchanga wenye unyevu kidogo, kivulini. Baada ya wiki mbili hivi utaona shingoni vipele vidogo, vyekundu au vyeupe kidogo, ukubwa wa kichwa cha kiberiti. Hayo ndiyo macho. Kata sasa, kila kiazi kiondoke na kipele kimoja na nyama ya shingo. Kidonda kikauke siku moja mbili kabla ya kupanda. Na kisu kifute kwa maji ya javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, kabla ya kuhamia fungu jingine. Kuna ugonjwa unaotoa manundu yaliyokunjamana pale shingoni, na kisu kinausafirisha vizuri sana. Fungu lenye manundu hayo lichome moto, usilitupe kwenye mboji.

Mama_Maua_Kadutu

Na konokono? Wale wasio na nyumba. Usiku mmoja wanamaliza chipukizi zote. Majivu nimezungushia, mvua ikinyesha yamekwisha.

MzeeWaMuhumba

Majivu yakiloa ni udongo tu, wanapita juu yake. Kasiksi, pombe ya ndizi, mama. Kikopo ukizike usawa wa ardhi, tia kasiksi iliyobaki, ile iliyochacha. Wanafuata harufu ya chachu, wanazama. Na tochi ya simu saa mbili usiku baada ya mvua, unaokota kwa mkono. Wiki za kwanza tu ndizo za hatari. Mmea ukishafika gotini wanaonja majani ya chini wanaondoka.

TupaTupa_Bagira

Konokono wa Kadutu wanakunywa kasiksi na mimi nakunywa maji. Nchi hii.

Furaha_Himbi

Mwalimu, nimetumia maji ya mvua tangu uliponiambia. Majani mapya yanatoka kijani. Ila mmea mmoja bado, na huo si wa mishipa ya kijani, ni kinyume: njano inafuata mishipa, majani yamekunjamana, mmea umedumaa nusu ya wenzake.

Mwalimu_Biolojia

Yaya, huo ung'oe. Hapo ni kirusi cha batobato. Sote tumeuona muhogo wenye batobato, unaelewa habari yenyewe: hakuna dawa, na kiazi chake kitazaa mgonjwa. Kwenye dalia wanaoueneza ni vidukari, wale wadudu wadogo wa kijani au weusi wanaojazana kwenye ncha na chini ya majani. Ng'oa na kiazi chake, choma, kisha mimea iliyobaki iangalie chini ya majani kila mara. Maji yenye sabuni kidogo yanatosha kuwaosha vidukari.

Furaha_Himbi

Ni ile ya rangi ya machungwa, pekee niliyokuwa nayo. Sawa, naing'oa.

Muzee, swali la mwisho nami: kwa kuwa kwangu maji hayasimami, lazima nichimbe mwezi wa sita?

MzeeWaMuhumba

Hapana. Wewe kata mashina, ziba tundu, acha kumwagilia, viache vilale humohumo. Chimba kila baada ya miaka miwili mitatu fungu linapokuwa kubwa na kuanza kubanana. Anayelazimika kuchimba ni mwenye udongo kama wangu. Na akichimba, asifungie kwenye mfuko wa plastiki. Kikapu au katoni, vumbi la mbao kavu au mchanga, mahali pa baridi pasipo jua. Apitie kila baada ya wiki chache: kilichosinyaa anyunyizie maji kidogo kwenye vumbi, kilicholegea akitupe kabla hakijaambukiza wenzake.

Na ya machungwa ninayo. Nitakugawia ikilala.

Mama_Maua_Kadutu

Muzee, mimi je? Nataka nyeupe ndogo za mviringo, za mataji. Nitalipa.

MzeeWaMuhumba

Nyeupe ndogo sina, mama. Neema ana ile kubwa ya shangazi, haitakufaa. Kipaji?

KipajiLushi

Ninazo, tena nyingi. Ila kutoka Lushi mpaka Bukavu mtu awe anakuja kwa ndege, maana njia ya barabara viazi vitafika vimeshachipua njiani. Kuna binamu anakuja mwezi wa sita. Nitampa fungu moja ndani ya vumbi la mbao. Mama, likifika usilipande wala usilimwagilie, liangalie shingoni kwanza, likiwa na macho gawa, kisha mwisho wa mwezi wa saba ndiyo uweke ardhini kwa lile soko lako la tarehe 2.

Mama_Maua_Kadutu

Nimeandika. Binamu akifika Bukavu anipigie, nitamtuma kijana. Nitumie inbox bei ya fungu.